UZI: Daftari linasema katoni 40, kompyuta inasema 48, na mteja amesimama kaunta

Mhesabu_Kariakoo:

Wanajukwaa, habari za jioni.

Huu uzi nimekaa nao kichwani wiki tatu. Ni mrefu na katikati kuna mantiki kidogo, ila unaanzia stoo ya Kariakoo na hautaenda mbali na hapo.

Kazi yangu ni kuwawekea wafanyabiashara kumbukumbu kwenye kompyuta: mali iliyoingia, iliyotoka, nani anadaiwa. Mwezi uliopita niliitwa kwenye duka moja la jumla la vifaa vya umeme, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Nafika, bosi ameshamwambia kijana wa stoo akae nyumbani mpaka aitwe. Hoja yake ilikuwa fupi. Kompyuta inasema balbu za wati 9 zipo katoni 48. Daftari la stoo, mwandiko wa kijana mwenyewe, linasema katoni 40. Zimepungua nane, na mwenye ufunguo ni mmoja.

Pale palikuwa na kazi mbili zilizochanganywa. Kumbukumbu zimegongana, lakini biashara haijasimama, mtu anauliza "mzigo upo?" na anataka jibu sasa hivi. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni kutafuta mgongano umetoka wapi. Bosi aliiruka ya kwanza, ya pili akaimaliza kwa dakika tano.

Niianze hiyo ya pili, maana ndiyo iliyomkosesha mtu kazi.

Aina ya hoja aliyoitumia bosi ina jina na ina mwenyewe. Mmarekani Charles Sanders Peirce (1839–1914) aliitenga na aina nyingine mbili za hoja, na mwaka 1878 akaieleza kwa mfano wa maharage ambao mtu wa sokoni anauelewa mara moja. Umeingia chumba chenye magunia ya maharage. Mezani kuna konzi ya maharage meupe. Unafungua magunia, unakuta moja lina meupe matupu. Unasema: haya yatakuwa yametoka humu. Hukuona mtu akichota. Umerudi nyuma kutoka kwenye matokeo kwenda kwenye chanzo. Mimi naiita kukisia chanzo; anayetaka neno la darasani aseme abduksheni.

Baadaye Peirce aliiweka hivi, kwa maneno yangu: limeonekana jambo la kushangaza, kama dhana fulani ingekuwa kweli, jambo hilo lisingeshangaza mtu, basi ipo sababu ya kuishuku dhana hiyo. Angalieni kitenzi. Anasema kuishuku, yaani iwekwe mezani ichunguzwe. Bosi alikuwa na haki ya kushuku wizi. Hakuwa na haki ya kuishia hapo, kwa sababu hakujiuliza ni dhana gani nyingine zingeondoa mshangao uleule.

Sasa njooni kwenye mgongano wenyewe.

Mantiki ya kawaida tuliyosomeshwa ina tabia ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa: ikimeza mkinzano mmoja, inalazimika kukubali kila kitu. Chukua sentensi "katoni ni 40". Daftari linaikubali. Basi sentensi "katoni ni 40 au Bahari ya Hindi imekauka pale Feri" nayo ni ya kweli, kwa sababu "au" inatosheka na upande mmoja. Sasa geukia kompyuta. Inasema katoni si 40. Upande wa kwanza umeanguka, umebaki wa pili. Bahari imekauka pale Feri, vivuko vimekaa kwenye mchanga. Kila hatua ni halali, na umefika kwenye upuuzi. Wenye fani wanauita mlipuko.

Mlipuko huo unaua na kukisia chanzo. Vitabuni maelezo mazuri yana masharti mawili: dhana, ikiunganishwa na unayoyajua, itoe jambo ulilolishangaa; na isigombane na unayoyajua. Lakini kama unayoyajua yanagombana yenyewe kwa yenyewe, sharti la pili halitimizwi na dhana yoyote. Ukilifuta, kila dhana inaeleza kila jambo, hata usipodhani chochote. Ama huna maelezo hata moja, ama unayo yote ya duniani. Ukiangalia vizuri, kumbukumbu za watu halisi ziko hivyo karibu siku zote. Sijawahi kufungua daftari la duka kubwa nikakosa mkinzano.

Ndiyo maana kuna watu walijenga mantiki zinazovumilia mkinzano bila kulipuka. Stanisław Jaśkowski wa Poland mwaka 1948 aliwaza kikao cha mjadala: kila msemaji anakubaliana na nafsi yake, lakini ukiyakusanya maneno ya wote yanagongana, na bado kikao hakijathibitisha kila upuuzi. Newton da Costa wa Brazili akaja na mifumo yake mwaka 1963. Jina la mantiki hizi, parakonsistenti, lilitolewa na mwanafalsafa wa Peru, Francisco Miró Quesada, mwaka 1976. Mwaka 1977 Nuel Belnap akaandika jambo ambalo kwangu mimi ni mkate wa kila siku: kompyuta inayopokea taarifa kutoka kwa watu wengi inahitaji majibu manne. Nimeambiwa ndiyo. Nimeambiwa hapana. Nimeambiwa vyote viwili. Sijaambiwa kitu. Hili la tatu halichafui mengine: kuambiwa vyote viwili juu ya balbu hakukufanyi uamini chochote juu ya bahari.

Rudi kaunta. Mteja wa Mbagala anataka katoni 30 za balbu. Unamjibu nini?

Mwaka 1999 Marcelo Arenas, Leopoldo Bertossi na Jan Chomicki walitoa njia ambayo naitumia mpaka leo. Sheria ya kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, ni kwamba bidhaa moja ina idadi moja. Tumeivunja, tuna mistari miwili. Badala ya kuchagua nani mkweli, waza matengenezo yote yanayoondoa kidogo iwezekanavyo ili sheria irudi. Hapa yapo mawili: futa mstari wa daftari, au futa wa kompyuta. Jibu la uhakika ni lile linalotoka kwenye matengenezo yote. Katoni 30 zipo? Kwa 40 zipo, kwa 48 zipo. Mpakilie mtu wa Mbagala mzigo wake. Yule wa Morogoro anayetaka 45? Upande mmoja ndiyo, mwingine hapana. Huyo mwambie asubiri. Soketi je? Mgongano haukuzigusa, zijibu kama kawaida.

Nilivyomwonyesha bosi hilo, alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe tungeuza tu." Asubuhi nzima walikuwa wamefunga mauzo ya stoo yote kwa ajili ya mstari mmoja.

Kisha nikakaa na daftari. Migongano ilikuwa mitatu. Balbu za wati 9: kompyuta 48, daftari 40. Balbu za wati 12: kompyuta 30, daftari 25. Holda, yaani vishikio vya balbu: kompyuta 31, daftari 29. Nikaandika hizo namba kwenye karatasi ya kufungia mzigo na kuzitazama. Arobaini kwa arobaini na nane ni tano kwa sita. Ishirini na tano kwa thelathini, nayo ni tano kwa sita.

Wizi unaeleza kwa nini katoni zimepungua. Hauelezi kwa nini zimepungua kwa uwiano uleule kwenye bidhaa mbili. Ingebidi mwizi achukue katoni moja katika kila sita, huku na kule, kwa usahihi wa mhasibu. Nikauliza ni dhana gani ingefanya tano kwa sita liwe jambo la kawaida. Kumi kwa kumi na mbili.

Nikapanda stoo, nikachana katoni moja. Ndani balbu 12. Nikatafuta katoni kuukuu iliyokuwa imewekewa misumari: ubavuni imeandikwa vipande 10. Mtengenezaji amebadili ujazo. Kompyuta inapokea ankara kwa vipande, 480, inagawa kwa kumi, inatoa 48. Kijana anahesabu katoni kwa macho yake, anapata 40. Vipande ni vilevile 480. Ile kumi niliiweka mimi, kwa mkono wangu, siku nilipofunga mfumo ule.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Tungefuata desturi ya kufuta mstari mmoja ili kumbukumbu "ziwe safi", tungefuta ushahidi pekee uliokuwa unamtetea yule kijana. Mgongano wenyewe ulikuwa dalili, na jibu lilikuwa ndani yake.

Karibuni tujadili.

---

KijanaWaTabata:

Mkuu nondo nzito, nimesoma mara mbili. Mimi naandika programu kwa hiyo nina maswali ya kazi.

Moja. Ulimjibu mtu wa Mbagala "katoni 30 zipo" kabla hujajua ujazo umebadilika. Katoni 30 za ngapi? Njia ya 1999 ilidhani mmoja kati ya mistari miwili ni wa uongo. Kumbe yote ilikuwa kweli, ila neno "katoni" lilikuwa na maana mbili. Huoni kwamba njia yenyewe ilikuwa imeshakosea swali?

Mbili. Migongano ikiwa mingi, hayo matengenezo si yatakuwa mengi kupita kiasi?

---

Mhesabu_Kariakoo:

KijanaWaTabata, la kwanza umenishika mahali penyewe na sitalikwepa.

Kwa Mbagala jibu lilisalimika. Katoni 30 za vipande 12 ni 360, za vipande 10 ni 300, zote ziko ndani ya 480. Kwa Morogoro halikusalimika. Yule bwana amezoea katoni za kumi, kwa hiyo 45 kwake ni vipande 450. Tulikuwa navyo. Tulimwambia asubiri, akanunua kwingine. Tahadhari ilikuwa halali kwa tulichokijua saa ile, na bado ilitugharimu mauzo.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hapo. Matengenezo yanawaza kufuta. Belnap hafuti, anaweka alama: hapa nimeambiwa vyote viwili. Kwa kujibu mteja haraka, waza kufuta, lakini waza tu, kwenye nakala ya kichwani. Kwa kukisia chanzo, unahitaji mistari yote miwili ikiwa hai, kwa sababu ndiyo jambo la kushangaza linalotafutiwa maelezo. Aliyefuta hana tena cha kueleza.

La pili: ndiyo, yanafumuka. Mgongano mmoja wa mistari miwili ni matengenezo 2. Migongano 10 isiyohusiana ni 1,024. Migongano 20 ni 1,048,576, na hilo ni duka moja tu. Hayaorodheshwi moja moja. Kwa maswali mepesi kuna njia za kuliandika swali upya ili kanzidata ilijibu moja kwa moja. Kwa mengine ugumu ni wa kweli na hakuna ujanja. Watafiti wa Roma mwaka 2010 walipendekeza njia ya woga zaidi: chukua tu mistari iliyomo katika matengenezo yote, yaani ambayo haimo kwenye ugomvi wowote, na ujibu kwa hiyo peke yake. Ni haraka, ila inapoteza. Kwa njia hiyo hata mtu wa Mbagala asingepata jibu, kwa sababu mstari wa 40 na wa 48 yote imo kwenye ugomvi, yote inawekwa kando, na balbu zinabaki hazina idadi kabisa.

Na kukisia chanzo ni kugumu kuliko kujibu. Thomas Eiter na Georg Gottlob walionyesha mwaka 1995 kwamba hata kwa sentensi za kawaida kabisa, kuuliza tu kama maelezo yapo ni tatizo lililo ngazi moja juu ya yale tunayoyaita magumu. Unatafuta dhana, na kwa kila dhana unatakiwa upime tena inatoa nini na inagombana na nini.

Kwa vitendo nimeongeza safu tatu kwenye kila jedwali: nani kasema, lini, kwa kipimo gani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokosekana.

---

NesiTemeke:

Naomba nichangie, maana kaka hapa ameeleza kitu tunachokutana nacho kila wiki na hatuna jina lake.

Mama anakuja na mtoto ana homa. Kipimo cha haraka cha malaria kinasoma ipo. Damu inapelekwa kwenye hadubini, mtu wa maabara anaangalia, hakuna kimelea. Majibu mawili, mtoto mmoja, asubuhi moja. Muuguzi mgeni anaanza kuuliza kipimo kipi kibovu, atupe kimoja.

Dada aliyenifundisha kazi alinizuia kutupa. Alisema uliza kwanza ni hali gani ingefanya vyote viwili viwe sahihi. Kipimo cha haraka tunachotumia hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoitoa, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa kuwamaliza vimelea. Kwa hiyo unamgeukia mama: mtoto alikunywa mseto lini? Mama anasema, "Kama wiki mbili zimepita, alimaliza dozi." Sasa majibu yote mawili yana mahali pa kukaa. Na homa ya leo ina chanzo kingine, usimpe mseto tena ukamrudisha nyumbani. Yule mtoto ninayemkumbuka tulipima mkojo, ugonjwa ulikuwa huko.

Ila nitoe tahadhari. Ipo dhana nyingine inayoeleza majibu hayohayo: vimelea ni wachache mno, hadubini imewakosa. Hiyo ni hatari zaidi kwa mtoto. Ndiyo maana swali la dawa ni lazima, na jibu la mama likiwa "hajawahi kunywa", njia inageuka kabisa. Anayeishia kwenye dhana ya kwanza iliyomfurahisha anaweza kumuumiza mtu.

---

Mhesabu_Kariakoo:

Dada NesiTemeke, asante sana. Umeeleza kwa aya tatu kilichonichukua ukurasa. Na swali lako kwa mama ndilo lenye thamani zaidi: kati ya dhana mbili zilizobaki, umetafuta swali moja ambalo jibu lake linazitenganisha. Raymond Reiter aliandika juu ya uchunguzi wa mitambo mibovu mwaka 1987 kwa moyo huo: tafuta seti ndogo kabisa ya sehemu ambazo, ukiziwazia kuwa mbovu, mgongano kati ya unachokitarajia na unachokiona unaondoka. Seti hizo mara nyingi ni zaidi ya moja, na kinachozitenganisha ni kipimo kingine.

---

MwalimuWaUkonga:

Nimefuatilia kwa heshima, lakini siwezi kukaa kimya. Nimefundisha hisabati miaka mingi. Aristotle aliita kanuni ya kutokinzana kuwa ndiyo thabiti kuliko zote: jambo haliwezi kuwa na kutokuwa kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Hoja ya kumbana mtu kwa mkinzano ndiyo silaha yetu. Mwanafunzi anaposema namba ni shufwa na tena ni witiri, ndipo ninapomwambia umekosea, rudi nyuma. Mkinifundishia vijana kwamba mkinzano unavumilika, mwongo atakamatwa wapi? Shahidi atasema alikuwa Kigamboni na alikuwa Mbezi saa ileile, nasi tumwambie sawa, tumeambiwa vyote viwili?

---

Mhesabu_Kariakoo:

Shikamoo mwalimu. Nashukuru umeingia, hoja hii ilihitaji mtu wa kuisimamia.

Nianze na tunapokubaliana. Stoo ile ina vipande 480, haina 480 na 400 kwa pamoja. Sidai kwamba dunia inajikinza. Wapo wanaokwenda mpaka huko, kama Graham Priest, ambaye mwaka 1979 alitoa mantiki inayoruhusu sentensi kuwa kweli na si kweli, akiwa na mafumbo ya aina ya "sentensi hii ni ya uongo" akilini. Mimi sihitaji kumfuata hadi huko ili nifanye kazi yangu. Ninachosema ni juu ya tulichoambiwa. Duniani kuna idadi moja. Kwenye kumbukumbu kuna mbili, na ni kwenye kumbukumbu ndiko ninakoulizwa maswali.

Juu ya shahidi: kuvumilia mkinzano wake hakumaanishi kumwamini. Mantiki ya kawaida, ukiichukua kwa ukali wake, ndiyo inayomwokoa, kwa sababu kutoka kwenye maneno yake unaweza kuthibitisha lolote, pamoja na kwamba hana hatia. Mantiki vumilivu inauzingira mkinzano palepale alipo: juu ya mahali alipokuwa saa ile, kajipinga; juu ya rangi ya gari aliloliona, bado tuna neno lake, lipimwe. Na kujipinga kwake ni jambo la kutafutiwa chanzo. Anadanganya? Amechanganya siku? Karani amekosea kuandika?

Lakini kuna gharama, na hapa nakupa haki yako mwalimu. Ile hoja ya bahari ilipita kwenye mlango mmoja: "A au B, si A, basi B." Ili bahari isikauke, nyingi ya mantiki hizi zinaufunga mlango huo. Na huo ndio mlango tunaoutumia kila siku. Funguo ziko mfukoni au kwenye begi, mfukoni hazimo, basi begini. Ukiufunga kabisa, mtu hawezi hata kutafuta funguo zake. Binafsi naona huo ni udhaifu mkubwa, na wanaouficha hawatusaidii.

Jibu lililoniridhisha zaidi ni la Diderik Batens na wenzake wa Ghent, Ubelgiji. Mlango uachwe wazi kwa kawaida. Ufungwe tu kwa jambo lile ambalo limeshaonekana kujikinza. Kuhusu funguo hakuna aliyejipinga, pita. Kuhusu balbu za wati 9, daftari na kompyuta vimegombana, kwa hiyo hoja ya "si 40, basi…" haipiti hapo mpaka ugomvi uishe. Na ukija kugundua kesho kwamba jambo ulilolitegemea lina mkinzano, unarudi na kufuta ulichohitimisha jana. Nadhani hivyo ndivyo mzee wa busara barazani anavyofanya.

---

MwalimuWaUkonga:

Marahaba. Hilo la kufunga mlango pale tu penye ugomvi nalipokea. Nitalifikiria zaidi hilo la kurudi kufuta hitimisho la jana, maana kwenye hisabati kilichothibitishwa hakirudi nyuma. Lakini stoo si hisabati, nakubali.

---

MamaVitenge:

Mimi ni mfanyabiashara Kariakoo miaka kumi na tisa, hayo ya Wapoland nimeyasoma ila nimebaki na mtu mmoja. Yule kijana je? Alirudi kazini? Maana wengi wanafukuzwa hivyohivyo na hakuna anayechana katoni kuangalia.

Na hizo holda mbona umeziacha? 31 kwa 29 si tano kwa sita.

---

Mhesabu_Kariakoo:

Mama, shikamoo. Uliyoyauliza ndiyo yenyewe.

Alirudi Jumatatu iliyofuata. Bosi alimpigia simu mwenyewe mbele yangu, akamwomba radhi na akamlipa siku alizokaa nyumbani. Nami nilimwambia kijana kwamba ile kumi ilikuwa yangu. Alinitazama, akasema alikuwa ameshamwambia mtu wa kaunta kwamba "katoni za safari hii ni nene", hakuna aliyeandika. Taarifa ilikuwepo tangu mwanzo, kwenye mdomo wa mtu ambaye hakuulizwa.

Holda hazijaisha, na sikutaka kuzificha ili hadithi ipendeze. Umeona sawa, uwiano haupo, mtengenezaji ni mwingine na ujazo wa katoni haujabadilika, nimepima. Maelezo ya balbu hayagusi holda hata kidogo, na kuyalazimisha kungekuwa kosa lilelile la bosi kwa upande wa pili. Dhana nilizonazo ni mbili. Ya kwanza, katoni mbili zilitoka kwa mali kauli kwenda duka la jirani na hazikuandikwa. Wewe unajua mali kauli ilivyo, neno tu na mzigo unaondoka. Ya pili, ankara moja iliingizwa mara mbili kwenye kompyuta, ingawa hapo ningetegemea tofauti kubwa zaidi, maana ankara zao za holda huanzia katoni tano. Kwa hiyo ya kwanza ina nguvu kidogo. Wizi nao siwezi kuufuta, lakini hauna kinachouunga mkono kuliko hizo.

---

MamaVitenge:

Jirani akiulizwa kwa upole atasema. Msimwulize kama mnamdai, mwulizeni kama mnalinganisha madaftari. Na mwangalie siku ya mvua kubwa, siku hizo watu wanachukua mzigo mbiombio na kalamu imelowa.

---

Mhesabu_Kariakoo:

Nimelichukua hilo la siku ya mvua, sikuwa nimeliwaza. Kwa sasa mstari wa holda umekaa na namba zote mbili, majina ya waliozitoa, na alama ya njano. Anayetaka mpaka katoni 29 anauziwa bila kusita. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mimi na kijana tunahesabu upya, kisha yeye ndiye atakayekwenda kwa jirani na daftari mkononi. Nitarudi hapa na majibu.